Kuifuata Besi Hadi Amu

Swali lililoninyima usingizi kabla ya safari lilikuwa hili: mtu aliyeiacha dini yenu kwa hiari yake, mna haki gani ya kumwendea na kumwomba sauti yake? Nililigeuza upande huu na upande huu kama chapati kwenye kaango. Lilipoungua pande zote likaja la pili: je, nivae viatu au nivue? Viatu vilikuwa vya misheni, na mahali nilipokuwa nikienda kila mtu angevitambua. Kulipokucha nilikuwa sijajibu hata moja. Nikavaa viatu, kwa kuwa tayari vilikuwa miguuni.

Sababu ya safari ni hii. Katika misheni yetu, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, palikuwa na wimbo wa kwaya ambao wazee waliuita Wimbo wa Malango. Ulitungwa Uingereza zama za Malkia mzee, ukaletwa na mmishenari wa kwanza, naye akawafundisha watoto waliookolewa utumwani. Ulikuwa mrefu, wa sauti nne, na kila sauti ilikuwa na njia yake. Mmishenari yule alipofariki, waliomfuata waliuona wa kizamani. Wakaleta vitabu vyembamba vya nyimbo nyepesi, ambazo mtu huzijua kabla hazijaisha mara ya kwanza. Wimbo wa Malango ukatiwa sandukuni na mchwa wakaukuta humo. Mimi nilipotoka chuo cha ualimu na cheti changu kipya, nilikabidhiwa kwaya na sanduku. Nilipolifungua nikapata soprano, alto, tenori na vumbi. Besi ilikuwa imeliwa yote.

Kanisa letu lilikuwa likiezekwa upya, na wazee walitaka lifunguliwe kwa wimbo uleule uliolifungua zamani. Mmishenari mkuu hakukataa. Alisema ukipatikana mzima uimbwe, usipopatikana tuuzike na tusiutaje tena. Nikajaribu kutunga besi yangu mwenyewe. Bi Raheli, aliyeimba alto tangu alipokuwa msichana, alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, besi yako inaomba ruhusa kila inapoingia."

Ndiye aliyenieleza habari za Yona. Kati ya waimbaji wa besi wa zamani, huyo peke yake alikuwa hai. Alikwenda Amu, yaani Lamu, kwa kazi ya ujenzi, akaoa huko, akasilimu, akawa Yunus. Kwetu jina lake lilikuwa halitajwi tena, hata katika sala. (Majina yote humu nimeyabadilisha, kwa sababu itakayoonekana mbele.)

"Nenda," Bi Raheli aliniambia. "Ila sikiliza. Hukutumwa kumrudisha mtu. Umetumwa urudi na besi."

Kutoka Mombasa nilipanda stima ndogo ya pwani iliyobeba barua, magunia na abiria wa sitaha. Jirani yangu alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa Amu, Bwana Shee, mtu mnene mwenye macho ya kucheka. Alinikaribisha tende, kisha akanikaribisha maswali.

"Amu wendea nini?"

Nilikuwa nimeandaa majibu matatu na yote yakanitoka. "Nina haja na mtu wa chokaa."

"Chokaa ni ya Bwana Yunus, wa Ras Kitau. Wayenga nyumba?"

"Tunaezeka," nikasema.

Sikumwambia uongo, wala sikumwambia ukweli, na jambo hilo lilinisumbua hadi Malindi. Stima ilipotia nanga huko kupakia mtama, abiria wengine walishuka kunyoosha miguu. Mimi nilibaki nikijiimbia kimoyomoyo sauti tatu nilizokuwa nazo, moja baada ya nyingine, nikisikiliza pengo la nne lilipo. Palikuwa na mahali karibu na mwisho ambapo sauti zote tatu zinasimama na kushikilia, zikingoja. Zinangoja nini, sikujua. Katika besi yangu ya kutunga nilikuwa nimeweka kimya pale.

Tuliingia mlango wa bahari wa Amu asubuhi. Kushoto kwetu ilikuwa Shela na vilima vyake vya mchanga. Kulia, upande wa kisiwa cha Manda, palikuwa na rasi ya chini yenye mashua ufuoni, na moshi mweupe ulikuwa ukipanda nyuma ya mikoko.

"Hiyo ndiyo Ras Kitau," Bwana Shee alisema. "Kesho utavuka. Yeo ndoo kwangu upumzike."

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya forodha, na alinipa sabule, chumba cha wageni kilicho mbali na ndani ya nyumba. Mtu mwingine angelala. Mimi nilianza kufikiri: je, huyo Yunus ni mkali? Ataniona adui? Je, bado anawakumbuka kwao? Nikaona ni heri nimjue mtu kabla sijasimama mbele yake. Nikavaa viatu vyangu nikatoka kuuliza.

Karibu na soko nilimkuta muuza kahawa. Nikamuuliza kama anamjua Bwana Yunus wa chokaa, alikuja lini mjini, na ni mtu wa namna gani. Akanitazama kwa makini, kisha sura yake ikafunguka kama mlango.

"Ndoo, kaa unwe kahawa. Bwana Yunus? Waambie waliokutuma, swala ya alfajiri haimpiti. Na binti yake apika, ashona, na ulimi hana."

Nilishukuru, ingawa sikuwa nimeuliza habari za binti.

Hatua chache mbele mshona kofia alikuwa ameketi barazani na kofia ya vito, ile ya matundu madogo ya sindano, gotini. Nikamuuliza yaleyale, na nikaongeza: watu wake ni akina nani? Sindano ikasimama.

"Mimi simsemi mtu," alisema. "Mgeni ni mgeni. Lakini aliyesilimu amesilimu. Au wewe waonaye?" Akavitazama viatu vyangu muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

Katika kichochoro chembamba, nikiwa nimempisha punda aliyebeba mawe, sauti ya bibi kizee iliniita kutoka nyuma ya mlango. "Wewe mwenye kuuliza. Mwambie Bi Khadija aache ukaidi. Kijana amempenda, mke ana heri, yeye ataka nini tena?"

Nikasema nitamwambia. Sikumjua Bi Khadija, lakini nilishindwa kupata namna ya kulieleza hilo bila kurefusha mazungumzo.

Niliporudi nilimsimulia Bwana Shee mambo hayo kwa mshangao. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa kanzu. Kisha, ghafla, akaacha.

"Wewe kijana, hapa mtu akiposa, watu wa mume hutuma mtu kuulizia. Mke ni nani, babake ni nani, dini yake vipi. Binti ya Bwana Yunus ameposwa na kijana wa mtaa huu. Wote wameridhia, isipokuwa shangazi ya kijana, Bi Khadija. Yeye asema mtu aliyegeuka mara moya aweza kugeuka tena. Na wewe umezunguka mji kuuliza yayo hayo, na viatu vya misheni."

"Sasa watu wanasemaje?"

"Wasema mawili. Moya, kuwa wewe u wa Bi Khadija. La pili, kuwa wamishenari wamtuma mtu kumtwaa mtu wao."

"Na baya zaidi ni lipi?"

"La pili. La kwanza ni desturi tu."

Nilimwambia kila kitu basi, wimbo, mchwa na paa. Alisikiliza bila kucheka. Aliposhika taa kwenda ndani alisema, "Na mimi nikidhani wataka chokaa."

Asubuhi nilivuka kwenda Ras Kitau katika mashua iliyokuwa ikirudi tupu kuchukua mawe. Njiani nilijiambia nitashuka, nitamwamkia, nitamwomba radhi kwa niliyoyaharibu mjini, kisha nitapanda mashua ileile nirudi. Lilikuwa azimio jema. Lilidumu hadi ufuoni.

Watu walikuwa wakikata mawe ya matumbawe kwa mashoka mazito, na wengine walikuwa wakilisha tanuri kuni za mikoko. Upepo, shoka na moto vilipiga kelele pamoja, mtu asingeweza kusikia hata jina lake. Juu ya lundo la mawe alisimama mtu mrefu mwenye ndevu zilizojaa chokaa, akiwaongoza wapakiaji kwa mkono mmoja. Alikunja ngumi, na wote wakasimama. Alilaza kiganja, wakasogea taratibu. Aliinamisha vidole, jiwe likashushwa. Alinyoosha kidole juu, jingine likainuliwa.

Nikasahau hotuba yangu. Ngumi ni do. Kiganja kilicholala ni mi. Vidole vilivyoinama ni la, na kidole kilichonyooka juu ni ti. Zilikuwa ishara zilezile ambazo mmishenari wa kwanza aliwafundishia noti watoto wasiojua kusoma, nami nilizisoma chuoni kutoka mchoro. Nilijikuta nikiziimba chini ya pumzi kadiri alivyozitoa. Tuni iliyotokea ilikuwa mbaya sana, maana ilikuwa ya mawe.

Alishuka akanijia. Nilisema mimi ni mwalimu Stefano wa misheni. Uso wake ukabadilika.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakufa mtu, Bwana. Mchwa wamekula besi ya Wimbo wa Malango."

"Yote?"

"Yote."

Alitazama bahari. "Raheli yupo?"

"Anaimba bado."

"Na Danieli?"

"Ndiye mchungaji wetu sasa."

"Danieli mchungaji," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Alikuwa akilala usingizi kwenye mahubiri, amesimama vilevile." Kisha tabasamu likaisha. "Habari zako zimevuka kabla yako. Wajua ulilolifanya jana?"

"Nimelijua jioni. Nimekuja kukuomba radhi."

"Binti yangu hajala tangu jana. Mamake amwambia ale, naye auliza ale kwa harusi gani."

Akaniketisha kwenye kivuli cha ukuta wa tanuri, akanipa maji, na baada ya kunywa akasema mwenyewe, bila mimi kumwomba:

"Siwezi kukuimbia. Sauti ninayo. Lakini kinywa hiki kimetoa shahada, na sikuitoa kwa mchezo wala kwa kutaka mke kama wanavyosema huko kwenu. Maneno ya wimbo ule siyaamini tena. Mtu hamwambii Mungu asichokiamini."

"Bila maneno, Bwana? Do, re, mi tu?"

"Sauti ni sauti. Upepo huu wafika hadi Shela. Kesho watasema Yunus aimba ya kanisa tanurini, na Bi Khadija atakuwa amepata alichokitafuta."

Nilikubali. Kwa mtu kama mimi, aliyezoea kubishana na kila jambo hadi alfajiri, ilikuwa ajabu jinsi nilivyokubali upesi. Nikasimama kuaga. Wakati huohuo wapakiaji walikuwa wamefika ukingoni mwa mashua na jiwe kubwa. Bila kugeuka vizuri aliinua mkono, akakunja ngumi, wakasimama. Ngumi ikabaki hewani. Akaitazama, kisha akanitazama mimi, akaona kwamba nami naitazama.

"Mkono huu," alisema polepole, "haukusilimu wala haukubatizwa."

Alimwachia mtu mwingine nafasi yake juu ya lundo. Tukaketi uso kwa uso nyuma ya tanuri. "Mimi sitatoa kitu," alisema. "Wewe fuata. Ukikosea nitarudia."

Hivyo ndivyo nilivyofunzwa besi. Mkono wake ulianzia kiunoni kwa ngumi, ukapanda, ukalala, ukashuka, nami nikavumisha noti kwa midomo iliyofungwa, chini ya kelele ya moto. Nilipokosea mkono ulirudi ulipotoka na kungoja. Wapakiaji walipita na makapu yao wakitutazama.

"Bwana, huyo ni bubu?" mmoja aliuliza.

"Labda bubu ni sisi," mwenzake akamjibu. "Tazama, amwagiza mawe ya nyumba nzima."

Kiganja cha so kiligeuka kwa utulivu nisioujua katika mchoro wowote. Niliona, noti kwa noti, kwamba besi haikuwa imekaa chini ya zile sauti tatu kama mbeba mzigo. Ilikuwa ikizitangulia. Ilifika mahali kwanza na kuzisubiri. Mimi katika besi yangu nilikuwa nimeifanya iwafuate wenzake kwa heshima, ndiyo maana ikasikika ikiomba ruhusa.

Tulipofika karibu na mwisho, pale sauti tatu zinaposhikilia, mkono wake ulisimama kidogo. Kisha ukashuka, chini ya kiuno, chini zaidi, hadi ngumi ikagusa goti. Nilijaribu kuifuata nikaishiwa na sauti.

"Iliandikwa hivyo?" niliuliza.

"Haikuandikwa. Niliiweka mimi. Mzungu alikasirika Jumapili ya kwanza, ya pili akaizoea, ya tatu akaingoja." Akafungua ngumi akajipangusa chokaa. "Peleka na hiyo."

Tulirudia hadi mkono wangu ulipoweza kwenda wenyewe. Adhuhuri ilipoingia alitawadha na watu wake wakajipanga nyuma yake. Nilikaa kando ya mashua. Alipomaliza alinisindikiza majini.

"Kule watakuuliza. Waambie besi imerudi. Mimi nisirudishwe. Wakija hapa na vitabu vyao kuniita kondoo aliyepotea, harusi imevunjika, na si harusi tu. Mji huu ulinichukua miaka kuniamini."

"Sitakutaja," nikaahidi. "Na hapa wakiniuliza?"

"Hapa sema ulichokiona. Hata ukitaka kusema uongo, uso wako hauwezi."

Alasiri, katika nyumba ya Bwana Shee, niliambiwa nina mgeni. Alikuwa Bi Khadija mwenyewe. Aliketi nyuma ya pazia la mlango wa ndani, nikaona ncha ya buibui lake jeusi tu, nikasikia upepeo ukipiga.

"Nasikia wewe u mtu wangu," sauti ilisema. "Mji mzima wasema nimekutuma. Mbona mimi sikuyui?"

"Niwie radhi, Bi. Lilitokea bila kukusudia."

"Basi kwa kuwa umenitumikia, nipa habari. Umemwona?"

"Nimemwona kazini, na nimemwona akiswali Adhuhuri na watu wake."

"Umemsikia akiimba ya kwenu?"

"Sikusikia hata noti moja, Bi. Hakufungua kinywa."

"Waapa?"

"Naapa."

Upepeo ukasimama. "Na wewe ulimtakia nini?"

Hapo ndipo majibu yote ya maisha yangu yalipojipanga, kila moja na kasoro yake. Nikachukua lile lililokuwa mbele. "Kulikuwa na kitu alichokijua alipokuwa kwetu, nacho kwetu kimepotea. Nimekuja kukifuata hicho. Yeye hatukumfuata, Bi. Yeye ni wenu."

Kisha akamwambia Bwana Shee, si mimi, "Huyu kijana ni mwoga. Mwoga hawezi kusema hivyo kama si kweli." Upepeo ukaanza tena. "Na viatu vyake avivue, nyumba ina mkeka."

Asubuhi ya kuondoka muuza kahawa alinifuata gatini na habari kwamba mahari yametajwa. Sikuweza kuuliza zaidi, stima ilikuwa ikipiga honi. Ila nilipopita Ras Kitau niliutazama moshi mpaka ukawa hauonekani tena. Njia yote nilikaa na mkono mapajani, nikiufunga na kuufungua. Abiria mmoja aliniuliza kama unaniuma.

Nyumbani niliwafundisha besi vijana kwa mkono, kama nilivyofundishwa. Siku tuliyounganisha sauti zote nne, Mchungaji Danieli alikuja kukaa nyuma. Tulifika pale sauti tatu zinaposhikilia, ngumi yangu ikashuka hadi gotini, nao vijana wakaifuata, wengine kwa kunguruma tu. Mchungaji alisimama. Alingoja wote watoke ndipo akanijia.

"Noti ile haikuwamo kwenye kitabu," alisema.

"Haikuwamo, Mchungaji."

"Ni mzima?"

Nilikuwa nimeahidi kutomtaja. Je, kujibu ni kumtaja? Usiku mzima ningeupoteza kwa swali hilo. Lakini Mchungaji alikuwa mbele yangu, na macho yake yalikuwa kama ya yule aliyeniuliza tanurini, "Na Danieli?"

"Mzima," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akatoa leso. Alipokwisha kuitumia alisema, "Mmishenari mkuu atakuuliza. Anataka jina. Amesema aliyeihifadhi besi ile bila shaka ni mmoja wetu, na atatuma watu wamlete."

Siku ya kufungua kanisa, kwaya ikiwa imejipanga mlangoni na watu wamejaa uani, mmishenari mkuu aliniita kando. Alisema kwa upole kwamba wimbo ni mzuri na kwamba angependa kumshukuru aliyeihifadhi besi kwa jina, mbele ya watu wote, kabla haujaimbwa. Nilikumbuka binti ambaye sikumwona, aliyeuliza ale kwa harusi gani. Nilikumbuka neno nililolisema mbele ya pazia, kwamba yeye ni wao. Kisha, jambo lisilo la kawaida yangu, sikukumbuka kitu kingine.

"Besi ni ya kwaya, Bwana," nilisema. "Imerudi. Jina sitalitaja, hata kama wimbo hautaimbwa."

Alimgeukia Mchungaji Danieli. Mchungaji alikuwa akilitazama paa jipya kama fundi. Bi Raheli, upande wa alto, alikuwa amekwisha vuta pumzi.

Nikaenda mahali pangu bila kungoja ruhusa. Nikainua mkono hadi kiunoni, nikakunja ngumi, na besi ikaingia.